Usimwahidi mtoto theluji, mfundishe kusoma utabiri

Mzazi mwenzangu, kuna ahadi mbili ambazo mtoto hafai kupewa: kwamba timu yake itashinda, na kwamba kesho hali ya hewa itakuwa anavyotaka. Ile ya kwanza watoto husamehe haraka. Ile ya pili hawaisahau, kwa sababu usiku huo walilala viatu vikiwa kando ya kitanda.

Ninaandika kutoka Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ninakofanya kazi ya kuwatunza wazee. Wakenya tuko wengi huku, hasa katika vitongoji vya Minneapolis. Binti yangu ana miaka 10. Amezaliwa huku, na Desemba ikifika hutaka jambo moja tu: kufunga vibao viwili virefu miguuni na kuteremka kilima cha theluji kwa kasi. Mchezo wenyewe ni skii.

Ukisikia skii, usifikirie milima mirefu ya Uswisi. Upande wetu huu wa Minnesota ni nchi ya vilima vifupi. Kinachojulikana sana ni Buck Hill, katika mji wa Burnsville kando ya barabara kuu, kilichofunguliwa mwaka 1954. Kutoka kileleni hadi chini ni kama mita 95 tu. Hata hivyo, hapo ndipo Lindsey Vonn alipojifunza akiwa mtoto, chini ya kocha Erich Sailer kutoka Austria, kabla ya kushinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2010. Kilima kifupi kina faida yake: mtoto huteremka, akapanda, akateremka tena mara nyingi kwa jioni moja.

Sisi huenda kilima kingine, kidogo kuliko hicho. Kina viti vinavyoning'inia kwenye waya vya kupandisha watu, taa za usiku, na chumba cha kuota moto ambamo watoto hunywa kakao. Jumamosi moja pale, ukijumlisha tiketi, kukodi vifaa na mafuta ya gari, inakaribia malipo yangu ya siku nzima. Tena ni lazima nibadilishane zamu na mwenzangu kazini siku kadhaa kabla. Kwa hiyo ninapofungua utabiri wa hali ya hewa Jumatano usiku, si kwa kujifurahisha.

Shida ya kilima kidogo ni kwamba hakina mahali pa kukimbilia. Kwenye mlima mrefu, mvua ikinyesha chini, huko juu huenda ikawa theluji. Kwetu, chini na juu ni hali moja. Tofauti ya nyuzi mbili tu inaamua kama watoto watateleza au watarudi nyumbani wamelowa.

Nilikulia Kinangop, Nyandarua, na huko nako hesabu ni za nyuzi mbili. Baba yangu ni mkulima wa viazi. Adui yake mkubwa ni sakitu, ule umande unaoganda usiku na kuyaacha majani ya viazi yakiwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Jioni alikuwa akisimama nyuma ya zizi akitazama juu. Mbingu ikiwa safi, bila wingu, na upepo umetulia kabisa, alijua usiku utakuwa mbaya, kwani mawingu ndiyo blanketi la ardhi. Hakuwahi kutuambia, "Msiwe na wasiwasi, viazi vitapona." Alituambia alichokiona, kisha akatupa kazi ya kufanya. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Baba alituonyesha kwamba kukosekana kwa mawingu nako ni dalili.

Nami nimeamua kumlea binti yangu hivyo hivyo. Hatumwombi mtu yeyote atuahidi theluji. Tunasoma, tunaandika, halafu tunaamua.

Jambo la kwanza alilotakiwa kuelewa ni kwamba theluji nyingi ya kilima chetu haianguki kutoka mawinguni. Inatengenezwa. Mitambo inayofanana na mizinga hurusha matone madogo sana ya maji hewani usiku, nayo huganda kabla ya kutua. Aliniuliza kwa nini siku nyingine kipimajoto kinaonyesha sifuri na mitambo inafanya kazi, na siku nyingine kinaonyesha sifuri hiyo hiyo na mitambo imezimwa.

Nikamweleza habari ya mtungi. Maji ya mtungi wa udongo hupoa kwa sababu kiasi kidogo hupenya nje ya udongo na kukauka, na yanapokauka huondoka na joto. Siku ya hewa kavu mtungi hupoza vizuri. Siku ya unyevunyevu haupozi. Matone ya mtambo ni hivyo hivyo. Hewa ikiwa kavu, hupoteza joto haraka na kuganda. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, hayapoi vya kutosha. Wenye vilima huangalia kipimo kinachojumlisha joto na unyevu, nacho kwa kawaida hutakiwa kushuka hadi kama nyuzi 2 chini ya sifuri, au chini zaidi. Tangu siku hiyo, binti yangu hatazami joto pekee. Anatafuta na unyevu.

Somo kubwa lilikuja majira ya baridi ya mwaka 2023 kuingia 2024. Ndiyo yaliyokuwa na joto zaidi katika kumbukumbu za Minnesota. Tarehe 24 Desemba joto katika miji ya Minneapolis na St. Paul lilifika nyuzi 12, na siku ya Krismasi ikanyesha mvua. Kilima chetu kilikuwa na utepe mmoja mweupe katikati, kushoto na kulia nyasi za kahawia.

Wakati huo huo, nyumbani Kenya mvua za El Niño zilikuwa zimeleta mafuriko. Baba alinipigia simu akasema maji yamesimama kwenye shamba na viazi vinaozea ardhini. Binti yangu akachukua simu.

"Guka, huko mvua imezidi, na huku theluji hakuna. Ni nani ametuharibia?"

Babu yake akacheka. "Mama, hata mimi ninamtafuta."

Jioni hiyo tulifungua ramani ya dunia. Nikamwonyesha Bahari ya Pasifiki, na kumweleza kwamba maji ya sehemu ile ya katikati na mashariki yanapopata joto kuliko kawaida, njia za upepo na mawingu hubadilika duniani. Afrika Mashariki mara nyingi hupata mvua nyingi ya vuli, na kaskazini mwa Marekani mara nyingi hupata majira ya baridi yenye joto. El Niño haikuwa sababu pekee, kwa kuwa dunia yenyewe inazidi kupata joto, lakini ilichangia pakubwa. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba kilima chake na shamba la babu yake viko chini ya anga moja. Hakulia tena kuhusu Krismasi. Aliuliza kama babu ana mbegu za kupanda tena.

Sasa ana daftari. Jumatano huandika utabiri wa Jumamosi. Jumamosi jioni huandika kilichotokea. Kwa wazazi wenye watoto wa umri huo, haya ndiyo mambo matatu ambayo daftari hilo limetufundisha.

La kwanza, habari ya jana ina uzito kama ya kesho. Mvua ikinyesha Alhamisi na baridi ikarudi Ijumaa, Jumamosi asubuhi kilima kitakuwa barafu ngumu kama sakafu, hata jua likiwaka vizuri. Kwa mtoto anayejifunza, hiyo ndiyo siku ya kuvunjika mkono. Afadhali kungoja mchana, trekta za kusawazisha zikiwa zimepita na jua limelainisha juu.

La pili, asilimia si ahadi. Utabiri ukisema nafasi ya theluji ni asilimia 60, hausemi theluji itakuwa nyingi, wala kwamba itaanguka mchana kutwa. Unasema kwamba katika siku 10 zenye dalili kama hizi, siku 6 hivi utapata theluji hapo ulipo, hata kama ni kidogo tu. Zile 4 zilizobaki si uongo wa mtabiri. Daftari letu pia linaonyesha kwamba utabiri wa siku mbili mbele hukaribia ukweli mara nyingi, na ule wa siku saba hubadilikabadilika. Ndiyo maana mimi hupanga zamu kwa ule wa mbali, lakini hutoa pesa kwa ule wa karibu.

La tatu, upepo unauma kuliko baridi. Hili ndilo la hatari. Kwenye jedwali la Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, joto likiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili huhisi kama ni nyuzi 28 chini ya sifuri. Ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Na anayeteremka kilima kwa kasi hujiongezea upepo wake mwenyewe.

Januari moja, rafiki yake wa darasani alialika watoto kilimani kusherehekea siku ya kuzaliwa. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Ijumaa usiku nilimpa binti yangu simu, nikamwambia asome utabiri wa saa kwa saa kwa sauti. Alisoma saa nne: baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, upepo mkali. Akanyamaza. Akaendelea hadi saa saba mchana: nyuzi 14 chini ya sifuri, upepo umepungua karibu nusu.

"Mama, lakini keki itakatwa saa tano."

Nilijua. Ningeweza kusema "hapana" na kumaliza, au kusema "sawa" ili nisimwone akilia. Nilimuuliza tu, "Umesoma nini?" Alikaa kitandani muda mrefu. Mwishowe akasema tutaenda saa saba, na machozi yakamtoka. Sikumwambia anyamaze. Kukosa keki ya rafiki yako ukiwa na miaka 10 si jambo dogo.

Tulipofika, keki ilikuwa imekwisha, na watoto walikuwa bado nje. Tulikubaliana kila baada ya kuteremka mara tatu aingie ndani kuota moto. Mara ya pili alirudi akimshika mkono yule rafiki yake mwenye sherehe. Kwenye shavu la yule mtoto palikuwa na doa jeupe, kubwa kiasi cha sarafu, na alisema hapo hasikii chochote.

"Ameganda," binti yangu akamwambia mama yake. "Asisuguliwe. Apashwe tu."

Mama yake alimwekea kiganja chenye joto shavuni. Baada ya dakika kadhaa rangi ikarudi, na mtoto akaanza kulia kwa sababu palikuwa pakiwasha. Kulia huko kulitufurahisha wote, maana ngozi iliyokuwa kimya imeanza kusema. Hakukuwa na madhara zaidi. Njiani tukirudi, binti yangu hakuzungumza habari ya shavu. Alizungumza habari ya keki, kwamba ilikuwa ya chokoleti.

Mzazi mwenzangu uliye Nyahururu, Kisumu au Kilifi, huna kilima cha theluji, lakini una mto ambao mtoto huuvuka akienda shule, na una nguo anazoanua mvua ikitisha. Idara ya hali ya hewa ya Kenya hutoa utabiri wa kila siku, wa wiki na wa msimu. Usiusome peke yako kisha ukatoa amri. Mpe mtoto simu asome, aandike, aulize maana ya asilimia, halafu kesho yake alinganishe na alichokiona dirishani. Akikosea, hasara ni sweta lililolowa. Akizoea, siku moja atafika ukingoni mwa mto wewe haupo, atazame maji na mawingu ya juu milimani, na arudi nyuma bila kungoja kuambiwa.

Majira haya ya baridi binti yangu ameanza ukurasa mpya wa daftari. Amegawa safu mbili: moja ya kilima, na moja ya Kinangop. Kila Jumatano humpigia babu yake simu na kumuuliza swali moja: "Guka, jioni hii kuna mawingu?"