Kazimoto Yumo Nyumbani Mwangu

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi dhana ya ukengeushi kupitia Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1974. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anarudi kwao na kujikuta mgeni, mwishowe anajiua. Nilidhani namsema mtu mwingine.

Juzi mama alinitembelea hapa Mabibo, jirani na hosteli ya wanafunzi. Usiku wa tatu akaniuliza, “Mwanangu, hasa unafundisha nini huko chuoni?” Nikatafuta jibu kwa lugha aliyonilelea, nikalikosa. Akasema tu, “Haya baba, kalale.”

Kila mwaka tunahesabu wahitimu. Ni wangapi kati yao, nasi walimu wao tukiwamo, wanaoweza bado kurudi nyumbani wakaeleweka?