Jua la Tabora na Damu ya Mwili

Mgeni afikaye Tabora mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, huikuta nchi imekauka na jua li kali. Mji umeinuka juu ya bahari kadiri ya meta 1,200, hata usiku hupoa. Bali mchana joto huchoma. Sisi tulitoka alfajiri Chemchem, mtaa ambao jina lake lataja maji, tukashika njia ya Kwihara, lilipo tembe alimokaa Dakta Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi.

Nchi hii ilipitiwa na misafara ya kale, iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na desturi ya hekima: waliondoka mapema, na jua lilipopanda sana walitua mizigo, wakapiga kambi penye maji. Hawakuwa na chombo cha kupimia damu, lakini miili yao iliwafunza.

Sababu yake ni hii. Mwili ukipata joto, mishipa ya ngozi hupanuka ili damu ilitoe joto nje. Na jasho huchukua maji na chumvi. Kwa hiyo shinikizo la damu huweza kushuka, na moyo hupiga mbio. Ndipo mtu aliyekaa juani akisimama ghafula huona kizunguzungu, pengine huanguka.

Basi mwenye maradhi ya shinikizo la damu asidanganyike. Kipimo kikishuka siku za joto, si kwamba amepona. Tena dawa nyingine, hasa zile ziongezazo mkojo, huweza kukishusha kupita kiasi. Lakini asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Na aende kwa daktari apimwe.

Twawasihi wazee na wenye mimba walime asubuhi na jioni, wanywe maji kabla kiu haijawashika, na waondokapo kitini wasimame polepole. Mkimwona mtu mwili wake wawaka moto na maneno yake yamepotoka, mtieni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, mkampeleke hospitali upesi, kwa maana joto la namna hiyo huua.

Wala asionekane mvivu apumzikaye adhuhuri chini ya mwembe. Waliobeba pembe za ndovu hata pwani walipumzika vivyo hivyo, na safari yao ilifika.