Shaba na mafuta ya chapati

Najua nimekuwa kimya wiki nzima. Msidhani ni mambo ya chumba cha habari. Nilikuwa uani, nagombana na shaba.

Jumapili ilikuwa misa ya mwaka mmoja wa baba. Nilitaka kumpa mama bamba lenye mwandiko wa baba mwenyewe, mstari mmoja kutoka barua yake ya zamani: "Nafika Jumamosi." Kuchonga siwezi, nikaamua umeme uchonge. Unapaka bamba rangi ya kucha, unakwangua herufi kwa sindano hadi shaba ionekane, unatumbukiza kwenye maji ya mrututu. Bamba unaliunga kwenye chanya, kipande kingine cha shaba kwenye hasi. Umeme unakula palipo wazi tu.

Kwa maneno! Bamba la kwanza, rangi ilibanduka kama ngozi ya nyoka na "Nafika" ikawa doa. Nikamlaumu dada kwa rangi yake ya bei poa, nikanunua ya bei mbaya. Bamba la pili, yale yale. Nikabaki na bamba moja na siku mbili.

Usiku ule nikamwagia maji bamba la mwisho. Badala ya kutanda, maji yakajikusanya matone matone. Mafuta! Jamani, nilikuwa nashika shaba kwa vidole vilivyotoka kwenye chapati. Halafu nilikuwa nimeling'arisha mpaka najiona uso, rangi ingeshika wapi?

Nikalisugua kwa msasa laini, nikalisafisha kwa unga wa chaki na siki mpaka maji yakatanda kama shuka. Kuanzia hapo nikashika kingo tu. Rangi nikapaka mara mbili, nyembamba, nikaiacha ikauke hadi kesho yake. Ile nzito ya mwanzo ilikuwa inameguka sindano ikipita.

Kosa lingine ni chaja ya simu, volti 5. Mapovu yalikuwa yanatokea kwenye herufi na kuinua kingo za rangi. Safari hii nikatumia betri moja ya tochi, volti 1.5. Polepole mno, nilikaa nayo kama mgonjwa. (Maji ya mrututu msimwage mtaroni, yanaua samaki.)

Ilishika, isipokuwa mkia wa J uliovimba kidogo.

Mama alipitisha kidole juu ya herufi, akarudia, kisha akanitazama kwa ukali.

"Nani kakufundisha kughushi mwandiko wa baba yako?"

Ikabidi nikalete barua.