Halim El-Dabh na Swali la Nani Alitangulia

Kila ninapomtaja Halim El-Dabh mbele ya wanafunzi, huulizwa jambo lile lile: ikiwa Mwafrika ndiye aliyetangulia, mbona vitabu vinamtaja Mfaransa? Ni swali la haki. Hata hivyo, jibu tunalolipenda, kwamba tumeibiwa, ni jepesi mno. Maisha ya mtunzi huyu yanatufundisha jambo zito kuliko wizi.

El-Dabh alizaliwa Cairo mwaka 1921. Chuoni alisomea uhandisi wa kilimo, ingawa muziki alikuwa nao tangu utotoni. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23, aliazima kutoka kituo kimoja cha redio chombo cha kunasia sauti kwenye waya wa chuma, akaenda kurekodi zaar, ngoma ya kupunga pepo ambayo wanawake wa Misri huiendesha wenyewe. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Ngoma zetu za pepo zinashabihiana sana na hiyo, na hata Unguja wapo pepo wanaoitwa wa Kihabeshi, dalili kwamba njia za mambo haya zilikutana zamani.

Mtafiti wa kawaida angeihifadhi sauti ile kama alivyoikuta. El-Dabh aliipeleka studioni. Aliipitisha katika chumba cha mwangwi, akaiondoa sauti ya msingi na kuziacha zile nyembamba zinazoelea juu yake, kisha akairekodi upya, hadi uimbaji wa wanawake wale ukageuka kitu kingine kabisa. Kazi hiyo, Ta'abir al-Zaar, aliiwasilisha hadharani mjini Cairo mwaka huo huo. Miaka 4 baadaye, mwaka 1948, Pierre Schaeffer alirusha katika redio ya Ufaransa tungo alizozitengeneza kwa milio iliyorekodiwa, ikiwemo ya treni, na mtindo huo akaupa jina: musique concrète.

Simshitaki Schaeffer kwa wizi. Alifika kwa njia yake mwenyewe, na wala tofauti yao haikuwa ya kipaji. Schaeffer alikuwa mhandisi wa redio ya dola. Alikuwa na studio, alikuwa na wenzake wa kufanya nao kazi, na mwaka 1951 utafiti wake ukapata kundi rasmi ndani ya redio hiyo. Aliandika vitabu, akaunda istilahi, akalea kizazi cha kuzitumia. El-Dabh alikuwa na chombo cha kuazima. Alichokifanya hakikuwa na idara, hakikuwa na jina, wala hakikuwa na mtu wa kukiendeleza pale pale kilipozaliwa. Leo kazi yenyewe tunaijua zaidi kwa kipande cha dakika 2 hivi, kilichowafikia wasikilizaji kwenye diski zaidi ya nusu karne baadaye. Historia humkumbuka yule aliyejengewa mahali pa kukumbukwa.

Yaliyofuata yanathibitisha hoja hii. Mwaka 1950 El-Dabh alikwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, akasoma kwa Ernst Krenek na Aaron Copland. Mwaka 1958 ulichezwa mchezo wa dansi wa Martha Graham, Clytemnestra, ambao muziki wake ulikuwa wa El-Dabh. Mwaka uliofuata aliingia katika kituo cha muziki wa kielektroniki cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, akatunga Leiyla and the Poet, kazi iliyowafungua masikio watunzi wengi vijana. Kijana wa Cairo alikuwa amepata studio, lakini studio hiyo ilikuwa New York. Huko kwao, muziki wake ulitumika kwa miaka mingi katika maonyesho ya usiku ya sauti na mwanga kwenye piramidi za Giza. Nadhani wengi walioketi pale kuusikiliza hawakuwahi kulisikia jina lake.

Hata hivyo, kipindi cha maisha yake ninachokithamini zaidi ni kile cha Addis Ababa. Alifundisha huko kuanzia mwaka 1962 hadi 1964, na mwaka 1963 aliunda Orchestra Ethiopia, kundi lililowaketisha pamoja wapigaji wa krar, masenqo na washint kutoka jamii mbalimbali ambazo hazikuwa na desturi ya kupiga pamoja. Yeye mwenyewe aliondoka, lakini kundi halikufa. Liliongozwa na wengine baada yake, likapiga kwa miaka zaidi ya kumi. Alilolikosa Cairo aliwapa wengine Addis: mahali, watu, na mwendelezo. Baadaye alifundisha Kent State, Ohio, kuanzia mwaka 1969. Tarehe 4 Mei 1970 askari waliwaua wanafunzi 4 katika chuo hicho, naye akaujibu msiba huo kwa opera, Opera Flies. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 96.

Ninaona hatari katika fahari yetu ya "Mwafrika wa kwanza". Anayedai kuwa wa kwanza anaomba nafasi katika foleni iliyopangwa na wengine, na akishaipewa hurudi nyumbani ameridhika, huku kanda za redio zetu zikioza na vyuo vyetu vikiuhesabu muziki kuwa burudani ya mahafali. Isitoshe, foleni hiyo hiyo inawaacha watu nje. Wanawake walioimba katika zaar ile ya mwaka 1944 hawatajwi. Sauti zao ndizo malighafi ya kazi nzima, na tunapobishana kati ya Cairo na Paris hatuwaulizii. Tukitaka Ulaya imkumbuke El-Dabh, haki inatudai nasi tuwakumbuke hao. Mwanafunzi anayetoka leo kwenda kijijini kurekodi ngoma, na aanze kwa kuandika majina ya waimbaji. Na sisi walimu wake tuhakikishe kuna chumba, kabati na bajeti vinavyomsubiri atakaporudi.