Kumpeleka Mama Japani si kununua tiketi tu

Msomaji mpendwa, je, nyumbani kwenu kuna mtu aliye ng'ambo? Ikiwa yupo, basi keti kitako tuzungumze, kwa maana haya ninayotaka kukusimulia leo ni yangu, lakini kesho huenda yakawa yako.

Mimi ni mwalimu hapa Eldoret, mtaani Kapsoya. Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa Mama, yuko Japani. Aliondoka mwaka 2006 akiwa kijana wa miaka 17, mkononi begi moja na begani viatu vya kukimbilia, akaenda kusoma shule ya upili kule kwa sababu ya mbio zake. Sisi wa pande hizi jambo kama hilo halitushangazi. Douglas Wakiihuri alikwenda Japani 1983 kufunzwa na Kiyoshi Nakamura, na mwaka 1987 akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Rome. Samuel Wanjiru aliingia shule ya Sendai Ikuei mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 15, na 2008 akashinda dhahabu kule Beijing. Wajapani wanazienzi mno mbio zao za ekiden, ambazo ni mbio ndefu za kupokezana. Badala ya kijiti, mkimbiaji humkabidhi mwenzake ukanda wa kitambaa. Zile za Hakone, za wanafunzi wa vyuo vikuu, zilianza mwaka 1920. Ndiyo sababu shule, vyuo na kampuni za huko hutafuta vijana Kenya.

Lakini si kila aendaye hurudi na medali. Goti la ndugu yangu liliharibika, kampuni iliyokuwa ikimlipa kukimbia ikampa kazi kiwandani, akaoa huko, na sasa ana watoto wawili ambao Mama hajapata kuwashika.

Baba alifariki Juni 2020. Utakumbuka mambo yalivyokuwa wakati huo. Ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa nchini tangu mwishoni mwa Machi, na hazikuruhusiwa tena hadi Agosti mosi. Tulimzika Baba kijijini Moiben tukiwa watu wachache, midomo imezibwa kwa barakoa. Ndugu yangu alizika kwa simu. Binti yangu ndiye aliyemshikia, na jeneza lilipoanza kuteremshwa, mtandao ukakatika.

Mama hakusema neno. Hata hivyo, tangu siku ile, ukimtaja mwanawe yule yeye huinuka akaenda kutazama sufuria mekoni, hata kama hakuna kinachopikwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Mama alikuwa na desturi ya kumpigia simu saa mbili usiku, baada ya chakula. Simu inalia, haishikwi. Kesho yake, vivyo hivyo. Akaamua moyoni kwamba mtoto amemtupa. Mimi nami, mwalimu mzima, sikuketi kumweleza kwamba Japani wametutangulia kwa saa 6. Kwetu ikiwa saa mbili usiku, kwake ni saa nane za usiku, na yeye huamka alfajiri kwenda kiwandani. Asubuhi akiona tumempigia, akipiga yeye, Mama amelala. Basi hao wawili wakawa kama watu wanaobisha mlango mmoja, huyu akiwa ndani, yule akiwa nje, kwa nyakati tofauti.

Mwaka jana nilinunua saa ya pili ya ukutani, nikaitegesha majira ya Japani, nikaitundika kando ya ile ya kwetu. Mama alizitazama zote mbili jioni ile, kisha akaniambia, "Hii mpya ndiyo ya kweli. Tunasema saa mbili, na mshale uko kwenye mbili. Ile yako tunasema saa mbili, nao uko kwenye nane!" Nilicheka, kisha nikaona kwamba amesema kweli tupu. Sisi hulihesabu jua tangu linapochomoza, na kwa kuwa tofauti yetu na Japani ni saa 6 kamili, saa tunayoitamka kwa Kiswahili ndiyo hasa mshale wa Japani unayoonyesha. Tangu siku hiyo Mama hupiga saa tisa alasiri, mwanawe akiwa amemaliza kula chajio. Simu ikaanza kushikwa. Mazungumzo yalikuwa mafupi: mvua, mahindi, afya ya watoto. La Baba halikuguswa.

Ndipo siku moja aliponiambia, "Nitakwenda kumwona. Na nauli nitajilipia."

Nilimkumbusha kwamba ana miaka 74. Nikamkumbusha pia kwamba kijana ana mshahara, angeweza kulipa. Akanijibu, "Mtu aliyekulipia nauli huwezi kumwuliza swali." Wiki ile ile akauza mtamba wake wawili. Nauli ya mtu mmoja, kwenda na kurudi, ilizidi shilingi laki moja. Yangu nimekopa katika Sacco ya walimu, na ningali nalipa.

Sasa nisikilize vizuri, wewe unayefikiri kwamba fedha zikipatikana safari imekwisha. Safari huanzia kwenye karatasi. Pasipoti tuliiomba kupitia eCitizen, hilo halikutusumbua. Kilichotusumbua ni visa. Kwa mtu anayezuru jamaa kwa muda mfupi, usiozidi siku 90, Wajapani hutaka mwenyeji aandike barua ya mwaliko akieleza sababu, atoe cheti kinachoonyesha anakoishi, na aorodheshe mtakayofanya siku baada ya siku. Nanyi mthibitishe undugu wenu. Uthibitisho wenyewe ni nini? Ni cheti cha kuzaliwa. Tulipokitoa cheti cha ndugu yangu sandukuni tukaona kwamba karani aliyekiandika mwaka 1989 aliliandika jina la Mama jinsi alivyolisikia, si jinsi lilivyo katika kitambulisho. Herufi mbili tu! Herufi hizo mbili zilitupeleka kwa wakili kula kiapo kwamba mama huyu ndiye mama yule, na zikatula majuma matatu. Nakusihi, msomaji, leo hii kabla hujalala, vitoe vyeti vya jamaa yako uvilinganishe jina kwa jina. Kosa la kalamu halina haraka. Hukungoja hadi siku unapokuwa na haraka wewe.

Tena palihitajika mdhamini. Mama hana hesabu ya benki ya kuonyesha, ana ng'ombe. Kwa hiyo ilibidi ndugu yangu atie sahihi kwamba atabeba gharama zake akiwa kule na kuhakikisha anarudi. Nilipomweleza hayo, Mama aliweka kikombe chini. "Niliyemzaa mimi ndiye anidhamini mimi?" Alikasirika siku mbili. Nusura safari ife pale.

Iliyoiokoa ni ile barua ya mwaliko. Ndugu yangu aliiandika kwa Kijapani, na kando yake akanitumia maelezo yake kwa Kiswahili ili nijue alichosema. Katika sehemu ya sababu ya mwaliko nilitarajia kuona 'matembezi' au 'kuona wajukuu'. Aliandika hivi: kwamba baba yake alifariki mwaka 2020 naye hakuweza kumzika, kwamba tangu hapo hajapata namna ya kumtazama mama yake usoni, na kwamba anaomba aruhusiwe kuja ili amwombe msamaha.

Nilimsomea Mama maneno hayo sebuleni. Aliniomba niyasome mara ya pili. Hakulia, wala hakwenda kutazama sufuria. Akauliza tu, "Na hao wakubwa wa Japani wameyasoma haya yote?" Nikamwambia ndiyo, watayasoma. Akasema, "Basi na anidhamini."

Visa ilitoka. Hapo ndipo tulipopanga njia. Uwanja wetu wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997, una barabara ndefu ya kurukia, lakini ndege ya abiria itakayokupeleka Japani huipati hapa, wala Nairobi hupati iendayo moja kwa moja. Wengi hupitia Doha, Dubai au Addis Ababa. Kwa njia ya Ghuba ni kama saa tano hewani, unashuka, unangoja, kisha kama saa kumi nyingine hadi Tokyo. Nilikutana na tiketi ya bei nafuu iliyotaka tungoje saa kumi na moja njiani, na nyingine iliyotupa saa moja na nusu tu. Nilizikataa zote mbili. Mzee hawezi kukesha kwenye kiti cha chuma, wala hawezi kukimbia kutoka lango hadi lango. Tulichukua ya kungoja saa nne. Tena nilihakikisha kwamba safari yote iko katika tiketi moja, ili mizigo ipokelewe Nairobi na kuonekana tena Japani, na endapo ndege ya kwanza itachelewa, tusiachwe kwenye mataa.

Kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300 za barabara. Magoti ya Mama hayataki matatu, kwa hiyo tutapanda ndege ndogo, lakini tutaondoka siku moja kabla na kulala kwa binamu yetu Embakasi. Ukungu wa asubuhi usitukoseshe safari ya kilomita elfu kumi na zaidi. Kiti cha magurudumu nimekiomba mapema. Hakilipiwi, ila ni lazima ukiombe. Mama alikikataa akisema yeye si mgonjwa. Nikamwambia ni kiti cha wageni wa heshima. Mungu anisamehe.

Daktari wake amempima, akasema kwamba anaweza kusafiri mradi anywe maji ya kutosha, asikae kitako kwa saa nyingi mfululizo, na ainuke atembee ujiani ili damu isigande miguuni. Dawa za shinikizo la damu atabeba za majuma matatu tutakayokaa pamoja na akiba kidogo, katika pakiti zake, na barua ya daktari. Ujue kwamba Japani dawa za kuandikiwa na daktari zikizidi za mwezi mmoja huhitaji kibali kilichoombwa mapema, na baadhi ya dawa za mafua tunazonunua hapa dukani kule zimepigwa marufuku. Usiwabebee watu dawa kiholela.

Likabaki suala la mizigo. Mama alitaka kupeleka nyama iliyokaushwa, nikamwambia hairuhusiwi. Mursik je? Maziwa nayo wameyatia katika vitu vya kukaguliwa tangu 2017. Akasema atachukua kibuyu kitupu, mwanawe atatafuta maziwa huko huko. Kibuyu tutakionyesha wazi kwa maafisa. Matunda na mbegu tumeviacha.

Mwezi uliopita tulikwenda Moiben. Mama aliniacha uani akaenda peke yake kaburini, akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Sikuhitaji kuuliza kina nini. Mtoto wake hakupata kutia udongo kaburini mwa baba yake kama sisi wengine. Mama alitaka ampelekee gao moja aushike.

Msomaji, ningetoa mshahara wa mwaka nisimwambie niliyomwambia. Udongo hauingii Japani. Sheria yao ya kukinga mimea dhidi ya magonjwa na wadudu inaukataza udongo, uwe wa shamba au wa kaburi. Nilimweleza pale pale, nikiona haya kana kwamba sheria niliitunga mimi.

Alisimama kitambo. Kisha akageuka, akarudi kaburini, akaufungua ule mfundo na kuumimina udongo mahali alipoutoa. Aliporudi alikuwa akipangusa mikono kwa kanga. "Basi," akasema, "nilidhani nakwenda kumpelekea. Kumbe nakwenda kumwita."

Tunaondoka likizo ya Aprili. Masanduku mawili yako chini ya kitanda changu. Kila jioni nayapima kwa mizani ya kunyanyulia na kila jioni kuna kitu kimeongezeka. Sijui yatakwendaje. Sijui wajukuu wasiojua Kinandi watazungumza vipi na Kogo wao asiyejua Kijapani, wala sijui kama ndugu yangu ataweza kupata ruhusa ya kuja Moiben mwaka huu. Ninalojua ni kwamba jana, ilipotimia saa tisa alasiri, Mama aliitazama ile saa ya pili, akaitazama simu, na kabla hajabonyeza ikalia yenyewe.

Kwa hiyo, wewe uliye na mtu ng'ambo, usingoje msiba wala likizo. Vilinganishe vyeti, jifunze saa zake, mpigie akiwa macho. Na ikiwa wewe ndiwe uliye mbali, na gazeti hili limekufikia mikononi, mpigie mama yako leo. Yawezekana amekaa karibu na simu.