Karatasi Niliyoitia Sahihi Bila Kuisoma

Wazee wetu walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Neno hilo nililijua tangu utoto wangu huko Kongo, lakini nililisahau siku ile mvua ilipopenya dari ya nyumba yetu hapa Marekani.

Mkopeshaji mmoja alitujia kwa maneno matamu. Tukatia sahihi, na nyumba ikawa rehani. Jioni bibi yangu akaniuliza: «Baba Yosefu, malipo ya kila mwezi nimeyasikia. Je, jumla yote ni feza ngapi?» Nilinyamaza. Karatasi haikuonyesha jumla, wala kiasi cha faida kwa mwaka.

Miezi mitano ikapita, ndipo mwanasheria mmoja alipotufumbua macho. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria inayomlazimisha mkopeshaji kuandika wazi gharama yote ya mkopo. Tena, mtu akiweka rehani nyumba anayokaa, isipokuwa kwa mkopo wa kuinunua, anazo siku 3 za kazi za kuyafuta mapatano. Asipopewa maelezo yanayopasa, muda huo waweza kufika miaka 3. Mwaka 2015, katika kesi ya Jesinoski, Mahakama ya Juu ilikata neno kwamba barua iliyoandikwa ndani ya muda huo yatosha. Si lazima kushtaki kwanza. Lakini anayedai fidia kwa kosa la mkopeshaji, kwa kawaida ana mwaka 1 tu wa kumshtaki. Akishinda, mkopeshaji humlipa na mwanasheria wake.

Basi, tuliandika barua. Siku 20 zilizowekwa na sheria zikapita bila jibu. Tukashtaki. Kabla ya hukumu, mkopeshaji akakubali kuondoa rehani pamoja na faida yote.

Je, tulipata feza za bure? Hapana! Zile tulizokopa tulizirudisha zote, nami nikafanya kazi ya usiku mpaka zikaisha. Sheria humwokoa mtu katika udanganyifu; haimwokoi katika deni lake.

Enyi vijana mnaosoma, msione haya kuuliza mbele ya mwenye feza. Mimi niliona haya, nikakaribia kupoteza nyumba ya watoto wangu. Tangu siku ile, kwetu hakuna karatasi inayotiwa sahihi kabla Mama Yosefu hajaisoma mpaka mwisho.