Sakafu ya Bibi

Kila Jumamosi asubuhi, jua likishavuka mti wa peasi, Bibi alitoa kila kitu nje: mikeka, magunia, mablanketi, hata kipande cha kanga kilichotandikwa kwenye kikapu cha paka. Vyote alivianika juu ya ua wa miti na kuvipiga fimbo upande huu na upande ule mpaka vumbi likome. Kisha aliingia ndani na ndoo ya udongo uliochanganywa na mavi mabichi ya ng'ombe na majivu, akapiga magoti, akaanza kukandika sakafu kwa kiganja, kuanzia ukutani akija mlangoni. Penye ufa aliingiza kidole kwanza, akachokonoa vumbi lililojificha mle, akalitoa, ndipo akaziba.

Hiyo ilikuwa mwaka 1986, huko Shume katika milima ya Usambara, nikiwa na miaka kumi. Baridi ya kule wanaoijua wanaijua. Watoto tulilala chini jikoni, tumezunguka mafiga ambayo makaa yake yalikuwa bado yana joto, na mbwa wetu Simba akijipenyeza mlangoni usiku kila alipopata nafasi. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na dari la mahindi. Mahindi yaliwaleta panya, panya wakatufanya tufuge paka, na wote hao, panya, paka na mbwa, walitembea na viroboto. Tuliamka na vipele vitatu vitatu vimejipanga miguuni, na kujikuna tulikuona ni sehemu ya kulala.

Lakini kwetu kiroboto hakuwa mdudu wa kuwasha tu. Tauni ilikuwa imezuka wilaya ya Lushoto mwaka 1980, na iliendelea kurudi miaka mingi, ikawashika maelfu ya watu. Nakumbuka bwana afya alivyosimama uani kwetu na mfuko wa dawa ya unga, akatueleza jambo ambalo mpaka leo naona ndilo somo la kwanza la kweli nililopata kuhusu wadudu hawa. Alisema panya akifa, mwili wake unapoa, na kiroboto hakai kwenye mwili baridi. Anaruka kutafuta mwili wa moto, na mwili wa moto ulio karibu ni wa mtoto aliyelala chini. Kwa hiyo tukikuta panya amekufa ndani bila kuuawa na paka wala mtego, tusimguse, tutoe taarifa. Hata yeye hakuanza na mitego. Alinyunyizia unga kwenye matundu ya panya na kandokando ya kuta. Viroboto kwanza, panya baadaye. Bibi alimsikiliza kwa makini, akamwambia, "Mwanangu, umesema kweli. Adui yuko chini." Jumamosi iliyofuata alikandika sakafu mara mbili.

Si kila alichofanya Bibi kilikuwa sawa, nami sitaki kumsifu kwa yasiyostahili. Mbwa alipozidiwa alimpaka mafuta ya taa. Simba alilia, akajiviringisha kwenye nyasi, na baada ya siku chache ngozi ya tumboni ikababuka. Viroboto walipungua kwa wiki moja. Bibi alikuwa anampenda yule mbwa, alimwekea ugali kila jioni kwa mkono wake mwenyewe, na alimpaka mafuta ya taa kwa sababu hapakuwa na kingine. Baba naye alikuwa na mbinu yake: usiku aliweka karai la maji yenye povu la sabuni katikati ya chumba, akasimamisha koroboi juu ya tofali ndani yake. Viroboto walifuata mwanga na joto, wakatumbukia, sabuni ikawazamisha. Asubuhi tulihesabu. Nilikuwa nikifika thelathini nafurahi, nikidhani vita imekwisha.

Mwaka 1999 nilipanga vyumba viwili Dar es Salaam. Waliohama kabla yangu walikuwa na mbwa, lakini nyumba ilikaa tupu miezi miwili, sakafu ya saruji, madirisha yamefungwa. Mwenye nyumba alinihakikishia imesafishwa, na kwa macho ilikuwa safi. Niliingia peku kupima mahali pa kuweka kitanda. Kabla sijafika dirishani nilihisi kama mtu ananimwagia mchanga wa moto miguuni. Nilipoangalia chini, toka vidoleni mpaka karibu na magoti, palikuwa na madoadoa meusi yanayotembea.

Sikuelewa. Hakukuwa na mbwa, paka wala panya, na kiroboto anaishi kwa damu. Walikuwa wanakula nini miezi miwili? Nilinunua dawa ya kupulizia, nikafunga milango, nikapuliza kopo zima. Walikufa. Siku ya tano wakarudi, nikapuliza tena. Makopo matatu, na kifua kikaanza kunibana kwa ile harufu. Jirani akanishauri nilete paka, eti viroboto watamhamia yeye waniache mimi. Nilimleta, na kwa kweli kuumwa kulipungua, ila nyumba haikupona. Nilikuwa nimeita wageni nikawaandalia na chakula.

Yule paka, Kijivu, tulihamia naye Morogoro mwaka 2002. Kufikia hapo sikuwa naye tena kwa ajili ya viroboto. Alilala miguuni pangu nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, na nikichelewa kurudi alikaa juu ya nguzo ya geti kuningojea. Viroboto tulikuwa nao bado, wanapanda na kushuka na majira. Masika wengi, kiangazi wachache. Masika ya 2006 walizidi. Nilikwenda duka la pembejeo nikaomba dawa. Nikapewa kichupa chenye picha ya mbwa. Nilimwambia muuzaji wangu ni paka. Akasema hakuna tofauti, nipunguze tu.

Nilipunguza. Nilimpaka saa kumi jioni, nikamfunga kanga asijilambe. Saa mbili usiku masikio yake yalianza kuchezacheza, kama mtu anayefukuza nzi. Halafu ngozi ya mgongo ikawa inakunjamana na kunyooka yenyewe. Saa nne alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho meusi yamefunguka pote, ananiangalia bila kuniona. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikampigia simu daktari wa mifugo niliyepewa namba yake na mwalimu mwenzangu. Alikuja na pikipiki kwenye mvua, akamchoma sindano, akakaa nami mpaka adhana ya alfajiri. Kijivu alikufa kabla hakujapambazuka sawasawa.

Daktari alikisoma kile kichupa kwa tochi. Ndani yake mlikuwa na permethrini, sumu iliyotengenezwa kwa kuiga ile iliyomo kwenye maua ya pareto yanayolimwa Nyanda za Juu Kusini; ni jamii moja na dawa zinazotiwa kwenye vyandarua. Binadamu anaivumilia na mbwa anaivumilia, lakini ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunjavunja, kwa hiyo inabaki mwilini ikishambulia mishipa ya fahamu. Kupunguza kipimo hakukuwa kinga, maana dawa ya mbwa ina nguvu mno kwake hata ikiwa kidogo. Nimeyaeleza haya kwa kila mtu anayefuga paka niliyekutana naye tangu siku ile, na nitaendelea kuyaeleza. Muuzaji hakuwa mtu mbaya. Hakujua, nami sikuuliza mara ya pili.

Wiki moja baadaye daktari alirudi, safari hii mchana, kunitazamia nyumba. Nilidhani ataleta dawa kali zaidi. Badala yake aliinua mito ya makochi, akavuta kapeti, akachuchumaa pembeni ya ukuta ambapo saruji ilikuwa imeachana na tofali. Akaniambia viroboto ninaowaona wakiruka ni kama watano katika mia. Waliobaki ni mayai, mabuu na wale waliomo kwenye vifuko. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai arobaini kwa siku. Anatagia kwenye manyoya, lakini mayai hayanati, yanadondoka kila mnyama anapopita na hasa anapolala. Buu likitoka halina haja ya kuuma mtu. Linakimbia mwanga, linajichimbia kwenye ufa, na kula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Halafu linajifumia kifuko chenye kunata, vumbi linakigandia nje, na dawa haikipenyi.

"Mle ndani," alisema, "anaweza kungoja miezi. Anachongojea ni mtikisiko wa hatua, joto na pumzi."

Ndipo nikaielewa ile nyumba ya Dar es Salaam. Walikuwa wamelala ndani ya saruji, hawajala, wakingojea mtu aingie. Nikaingia.

Nikamwelewa na Bibi. Fimbo yake juu ya mikeka iliangusha mayai, jua likayakausha pamoja na mabuu, na kile kidole kilichochokonoa ufa kabla ya kuuziba kilikuwa kinafika mahali ambapo makopo yangu matatu hayakufika. Bibi alishafariki; sikuweza kumwambia. Sisi tuliohamia mjini tulipata saruji, tukaona kazi ya sakafu imekwisha, tukageukia mnyama: tukampaka, tukampulizia, tukamuua.

Paka wa sasa ni jike, mweupe mwenye doa la kahawia sikioni. Namwekea dawa ya matone yenye fipronili iliyopimwa kwa ajili ya paka, kisogoni, mahali ulimi wake haufiki, mara moja kwa mwezi, na kabla ya kuinunua nilimpima uzito: nilipanda mzani nikiwa nimembeba, nikapanda tena peke yangu, nikatoa. Mbwa wa getini anapata ya kwake ya mbwa, na siku hiyo simwachi paka alale naye. Mwanzoni ilituchukua miezi mitatu bila kuruka hata mmoja, kwa sababu vifuko vinaendelea kupasuka muda wote huo, na anayeacha mwezi wa pili kwa kuona nafuu anaanza upya. Matandiko ya paka yanafuliwa kwa maji ya moto kila wiki. Kapeti nililitoa kabisa, nikarudi kwenye mkeka.

Kazi ya kukagua ni ya binti yangu. Ana kitana chenye meno yaliyobanana, alichonunuliwa kwa nywele zake, na kitambaa cheupe kilicholowanishwa. Anamchana paka toka shingoni kwenda mkiani, kisha anakung'uta kitana juu ya kitambaa. Zinadondoka chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na hapo anasubiri. Chembe ikibaki nyeusi, ni uchafu wa kawaida. Ikianza kutoa duara la wekundu wa kutu, ni damu, na kiroboto yupo hata kama haonekani. Anaangalia pia chini ya mkia kama kuna vipande vyeupe mfano wa punje za mchele, maana paka akijilamba na kummeza kiroboto anaweza kupata tegu, na hata mtoto mdogo anayetambaa sakafuni anaweza kulipata vivyo hivyo.

Jumamosi iliyopita aliniita akiwa kibarazani. "Mama, njoo uone hii."

Tuliinama pamoja. Chembe moja, ndogo kuliko ukucha wa sisimizi, ilikuwa inalegea kwenye kitambaa, na pembeni yake wekundu ukisambaa taratibu kufuata nyuzi. Hakuniuliza la kufanya. Alibeba mkeka akautundika kwenye kamba, akarudi kuchukua mito ya makochi. Mimi nilikwenda kwa jirani anayejenga nikaomba kikombe cha saruji. Kwenye kona ya chumba, nyuma ya kabati, kuna ufa ninaoujua siku nyingi. Nilipiga magoti, nikaingiza kidole, nikaanza kulitoa vumbi.